Kuchungulia Si Kivuli

Mgeni akifika nchi ya Kazana haulizwi anatoka wapi wala amefuata nini. Anaulizwa neno moja tu: "Umekaza?" Na jibu lake ni moja: "Nimekaza." Mwenye jibu jingine, bora angebaki kwao.

Binti mmoja aitwaye Sikudhani hakuwa na habari hiyo. Alifika asubuhi jua likiwa limeshachomoza, akamkuta bawabu wa mpaka amesimama penye mlango wa nchi, mkono umeshika kitasa. Bawabu huyo alikuwa mzee mwenye sura ya upole.

"Umekaza, binti?" bawabu akauliza.

Sikudhani alikuwa mtu wa haya, na watu wa haya wakiulizwa jambo ghafla husema kweli kabla hawajafikiri. Akautazama mkono wake wa kulia, uliokuwa ukining'inia tangu alipougua. Akasema, "Hapana, baba. Mimi nimelegea."

Bawabu akafumba macho. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mtoto akamziba mtoto masikio kwa viwiko.

"Mwanangu," bawabu akanong'ona, "neno hilo hatulisemi hapa, na asubuhi ndiyo kabisa. Sema mkono wangu umekuchwa."

"Mkono wangu umekuchwa."

"Haya. Pita."

"Nipite wapi, baba? Mlango umefungwa."

"Mlango nimeushika. Nimeushika tangu alfajiri, na mimi nikishika nimeshika. Pita dirishani, kama wageni wote."

Akapita dirishani.

Ni vizuri ieleweke mapema jinsi Wakazana wanavyoishi, maana bila hilo mambo yao yataonekana ya kichaa, na wao si vichaa. Kila mmoja wao amevaa utepe mweusi unaong'aa, kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole, umebandikwa juu ya ngozi kama plasta. Utepe huo ni msuli. Haunywi uji wala hauli nyama. Chakula chake ni nuru. Jua likiupiga hujikunja, na vidole hujikunja nao, vikashika kwa nguvu ambayo wanaume wenye miraba minne hawawezi kuibandua. Nuru ikiondoka utepe hunyooka, na vidole vikafunguka.

Jambo la kwanza, yaani kushika, Wakazana wanalijua na wamelitungia nyimbo. Jambo la pili hawalizungumzi kabisa. Lugha yao haina hata neno la kuachia. Jioni, jua linapozama na vidole vya nchi nzima vinafunguka kwa pamoja, kila mtu hugeukia ukutani na kujifanya anatafuta kitu. Mume hamtazami mke. Vitu huanguka, na hakuna anayesikia.

Kwa hiyo kila siku kabla ya jua mtu huchagua atakachokishika, kwa kuwa akishakishika atakuwa nacho mpaka jioni. Mkulima hushika jembe, mwalimu chaki, mchumba hushika mkono wa mchumba wake. Na wakifika jioni bado wanasemezana, wazee hupanga harusi. Wanaochelewa kuamka hupata taabu. Kuna mheshimiwa mmoja alikurupuka kitandani akashika upawa badala ya fimbo yake ya heshima, akaenda nao barazani. Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Baada ya muda akateuliwa kuwa msimamizi wa chakula cha nchi nzima, na inasemekana anafanya kazi vizuri.

Adui wa maisha haya ni kivuli. Sheria ya Kazana inasema kumtia mtu kivuli mchana ni kumwibia nguvu. Miti yote imekatwa matawi ikabaki kama nguzo. Mapaa ni ya vioo. Nyumba hazina baraza, ndiyo maana watu hukutana kwenye Baraza moja tu, lile la nchi, nalo hukaa juani. Watoto wakigombana tusi lao kubwa ni "Mwavuli wewe!" na anayelisema huchapwa. Wingu nalo likipita, kengele hupigwa na watu wote hufumba macho. Kitu kilichoanguka wakati wa wingu hakijaanguka. Mwenye nacho hukiokota na kusema, "Kimeruka," na walio karibu huitikia, "Kimeruka kweli."

Katika nchi hiyo ndimo Sikudhani alimokuja kutafuta mkono.

Kwao alikuwa msusi. Alikuwa na kigoda chini ya dirisha lake, na wanawake wa mtaa walikaa hapo wakasukwa huku wakipiga soga. Maradhi yalipomlegeza mkono hawakumtupa. Waliendelea kuja. Walikaa kwenye kigoda, wakamwacha ahangaike na nywele kwa mkono mmoja, kisha wakainuka na vichwa vyao vile vile wakisema, "Ah, mimi leo nilipita kusalimia tu." Hilo la kusalimia tu ndilo lililomchoma. Akafunga safari.

Bawabu alimwelekeza kwa Bi. Kumbatia, mtengeneza tepe. Bi. Kumbatia alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, aliyeishi na bintiye aitwaye Fumbata. Alimpokea mgeni kwa kumtazama kuanzia juu hadi chini.

"Nyoosha mkono."

"Haunyooki, mama, wala haukunjiki. Umekuwa tu hivi tangu..."

"Nimesema nyoosha, sikusema unisomee risala. Haya, ingia stoo."

Stoo kilikuwa chumba kisicho na dirisha, cha pekee chenye giza mtaani. Tepe haziwezi kutengenezwa kwenye nuru, maana zingejikunja kabla hazijakauka. Kwa hiyo sheria ilikiruhusu chumba hicho bila kukitaja, na watu wakipita nje walikohoa. Ndani ya giza hilo vidole vya Bi. Kumbatia vilichezacheza kama vya mtoto. Alimshikisha Sikudhani kila kitu kwa mkono wa kushoto ili akijue kwa kugusa.

"Hili tabaka la kwanza ni masizi. Usiyadharau. Yamechambuliwa mpaka yamekuwa unga usioonekana. Hili ndilo linalokunywa nuru na kuifanya joto. La pili ni madini, nimeyabandua vipande vyembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Ukipiga chafya humu nakufukuza. Hilo hulitembeza joto lisikae mahali pamoja. La tatu utomvu wa mti. Huyu ni mwepesi wa kununa, akiguswa na joto kidogo tu anajikunja. Halafu narudia. Masizi, madini, utomvu, masizi, madini, utomvu, mpaka nichoke. Ukiuona nje utasema ni kitu kimoja."

"Na kwa nini unapinda, mama?"

"Kwa sababu hawapendani." Bi. Kumbatia akacheka gizani. "Utomvu akipata joto anataka kujivuta. Masizi hataki, yeye yuko pale pale. Nimewabandika mgongo kwa mgongo, hakuna pa kukimbilia. Mmoja avute, mwenzake agome, basi wote wawili wanapinda. Unaona watu wanavyotembea vifua mbele na nguvu zao? Ni huo ugomvi tu."

"Na wakipatana?"

"Kwenye giza wanapatana," akasema kwa sauti ndogo ambayo hakujulikana kuwa nayo. "Lakini hayo si ya kusema nje."

Utepe ulipokauka alimbandika Sikudhani na kumtoa uani juani. Vidole vilivyokuwa vimekufa vikatikisika, vikajikunja. Sikudhani aliogopa asianguke, akadaka kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa mkono wa Bi. Kumbatia juu ya kiwiko. Akashika. Akajisikia ameshika. Machozi yakamtoka, akataka kushukuru na kuurudisha mkono wake, usirudi.

"Mama, samahani. Hautoki."

"Utatokaje na jua hili? Basi leo wewe ni wangu."

Wakashinda pamoja. Walisonga ugali pamoja, wakaenda sokoni pamoja, wakaenda chooni kwa zamu na kwa adabu, mmoja ndani na mmoja nje, mlango wa gunia katikati na mkono ukipita kando yake. Sikudhani, ambaye kwao angeweza kupitisha wiki bila kusema sentensi ndefu, alijikuta anazungumza. Alieleza habari za kigoda chake na wanawake waliokuja kusalimia tu. Bi. Kumbatia alieleza habari za marehemu mumewe, aliyemshika mkono asubuhi moja ya uchumba wao na kumsimulia habari za mbuzi mpaka jioni.

"Habari za mbuzi tu?"

"Tu. Jioni wazee wakauliza, bado mnasemezana? Nikasema yeye ndiye anayesema. Wakaandika harusi."

Kuna sharti moja. Utepe wa Kazana hautoki nje ya nchi ila kwenye mkono wa mtu aliyethibitishwa na Baraza kwamba amekaza. Atakayeonekana mlegevu hubanduliwa utepe mbele ya watu na kupitishwa dirishani kurudi kwao. Bi. Kumbatia alisema hilo si la kuhofia. "Unakaa juani, unashika fimbo, wanakutazama, wanachoka, basi. Nuru ndiyo inayofanya mtihani."

Lakini hofu ya Sikudhani ilikuwa nyingine. Alishaanza kujaribu. Alimwomba Fumbata amkopeshe kichwa. Fumbata alikuwa msichana mkubwa, mchangamfu, bingwa wa kuchelewa kuamka. Siku hiyo alikuwa ameshika kandambili moja. Nywele zake, kama za Wakazana wote, zilisimama ovyo kama kichaka, kwani nchi ile haikuwahi kuwa na msusi. Sikudhani alipenyeza shungi la kwanza kati ya vidole vya mkono mpya. Likashikika vizuri kabisa. Na hapo ndipo kazi ilipoishia. Kusuka ni kushika na kuachia, kushika na kuachia, kidole kikitoa shungi hili na kupokea lile. Mkono wake ulikuwa umelikamata shungi moja, na ungelikamata hilo hilo mpaka jioni.

"Ndiyo kusuka huku?" Fumbata akauliza baada ya muda, shingo upande.

"Bado."

"Maana nimeanza kusinzia, dada, na nikiangukia mbele utabaki na kichwa."

Sikudhani akautazama mkono wake. Aliona amepata mkono wa kushikia fimbo, si mkono wa kurudi nao kwenye kigoda. Angerudi nao nyumbani, na wanawake wangemsifia, kisha wangepita kusalimia tu.

Walikuwa wamekaa karibu na mlango wa jikoni. Bi. Kumbatia alikuwa ameamka na ungo, na aliyeamka na ungo hupeta mchele. Akaja akasimama mlangoni ili kuongea, maana hakuweza kupeta kimya, na jua lilikuwa mgongoni mwake. Ungo ukapanda. Kivuli chake kikapita juu ya mkono wa Sikudhani, na vidole vikafunguka. Ungo ukashuka. Vidole vikafunga.

Sikudhani alidhani amekosea, akapeleka shungi la pili pale kwa mkono wa kushoto. Ungo ukapanda, vidole vikatoa shungi. Ungo ukashuka, vikapokea jingine. Pandisha, toa. Shusha, pokea. Makapi yaliwaangukia wote watatu kichwani. Bi. Kumbatia alikuwa ameona. Aliangalia pembeni, kwenye ukuta, kama watu waangaliavyo jioni, lakini hakuacha kupeta. Mchele ulikuwa umeshakuwa safi kitambo na yeye akaendelea kupeta tu.

"Mama," Fumbata akasema, "mchele umeisha ungoni."

"Nyamaza usukwe."

Ilipofika jioni nusu ya kichwa cha Fumbata ilikuwa imesukwa, mistari imenyooka kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Fumbata alijipapasa. Akajitazama kwenye maji ya ndoo. Akawa haamini. Bi. Kumbatia akamwambia wazi kwamba kesho asitoke nje hata kama nyumba inaungua.

Asubuhi Fumbata akatoka. Alisema baadaye kwamba alisahau, lakini alikuwa amepitia sokoni, kisimani na kwa mchumba wake.

Watu walimzunguka. Mwanzoni walisifu, na kila mmoja alitaka kuinama aone mistari. Kisha fundi mmoja wa majembe akauliza swali lililoharibu siku: "Hiki kitu kimefanywaje mchana?" Wakaanza kufuatilia mstari kwa macho. Kila fundo lilikuwa mahali ambapo vidole vimeshika, na kati ya fundo na fundo palikuwa na jambo lisilosemwa. Mama mmoja akajifunika uso kwa kiwiko. Kabla ya adhuhuri Sikudhani, Bi. Kumbatia na Fumbata walikuwa wameitwa mbele ya Baraza.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Mheshimiwa Ng'ang'ana. Kila alfajiri kwa miaka mingi alishika mikono ya kiti chake, akabaki nayo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mwenye subira, na mkewe alisimama daima nyuma yake kumkuna pua, kwa kuwa yeye hakuwa na mkono wa kufanyia hivyo. Waheshimiwa wengine walikaa duara, kila mmoja na alichoshika: fimbo, kitabu, na yule mwenye upawa wake.

"Umekaza?" Mwenyekiti akamwuliza Sikudhani.

"Nimekaza, Mheshimiwa," akajibu kwa sauti ambayo ilibidi irudiwe na Bi. Kumbatia ili isikike.

Mjadala ukaanza, nao ulikuwa mzito. Mwenye kitabu alisema hakuna kosa: msuko wenyewe ni kitu kilichokaza, tena kimekaza kuliko wengi waliopo hapo, hebu auvute mtu aone. Fumbata akavutwa, akapiga kelele, ikaonekana ni kweli. Mwenye fimbo alisema hatazami msuko, anatazama njia iliyoufikisha hapo. Mwenye kitabu akauliza je, mtu akila ugali tunamwuliza juu ya moshi? Mwenye upawa akasema mambo ya ugali yaachwe kwa anayehusika. Mwenye fimbo akamwita mwenzake mwavuli, ikabidi mkutano usimame aombe radhi.

"Mama Fumbata," Mwenyekiti akasema hatimaye, "tuambie wewe. Kulikuwa na kivuli?"

Bi. Kumbatia alikuwa na ungo mkononi. Kwa mara ya kwanza watu waliona anatafuta neno.

"Nilikuwa napeta mchele, Mheshimiwa. Ungo hupanda na hushuka. Chini ya ungo kuna nini, kila mwanamke hapa anajua. Huyu hakujitia kivuli. Kama ni kosa ni langu. Msimbandue."

Minong'ono ikazagaa. Mwenyekiti alifikiri kwa muda mrefu, mkewe akamkuna pua mara kadhaa.

"Nasema hivi," akatoa hukumu. "Nusu ya kichwa bado haijasukwa. Mgeni ataisuka hapa, juani, mbele yetu. Mama Fumbata asogee mbali na ungo wake. Akiweza kusuka bila mtu kumtia kivuli, basi msuko ni halali na utepe ni wake aende nao. Akishindwa, utepe tunaubandua sasa hivi."

Fumbata akakalishwa chini katikati ya duara. Sikudhani akapiga magoti nyuma yake. Jua lilikuwa limechanua. Akapenyeza shungi la kwanza kati ya vidole, utepe ukajikunja zaidi, vidole vikashika. Akasubiri. Mkono wake wa kushoto uligawa mashungi mengine, ukayapanga, ukayapangua. Wa kulia haukutikisika. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Kwa mbali alimwona Bi. Kumbatia amesimama na ungo umeelekezwa chini, akainamisha uso asimwone tena.

"Dada," Fumbata akanong'ona, "umeanza?"

"Nimeshika."

"Lo."

Baraza likatulia. Ilikuwa rahisi kuona nani ameshindwa, lakini Wakazana hawana haraka ya kubandua. Tena kulikuwa na jambo jingine: katika maisha yao yote hawakuwahi kuona mtu akisuka, na kutoka walipokaa hawakuona vizuri. Mwenye kitabu, aliyekuwa upande wa jua, akainuka kidogo kwenye kigoda na kunyoosha shingo.

Kivuli cha kichwa chake kikaangukia mkono wa Sikudhani. Vidole vikafunguka. Shungi likatoka.

"Ameanza!" mtu akasema.

"Kaa chini, unatuziba!" akafokewa. Mwenye kitabu akakaa. Nuru ikarudi, vidole vikafunga, tayari na shungi la pili.

"Kafanyaje? Hebu!" Mwenye upawa akainuka. Vidole vikafunguka.

"Na wewe kaa! Una kichwa kama ngoma!" Akakaa. Vidole vikafunga.

"Mbona kila nikikaa ndiyo anaendelea?" Mwenye fimbo akainuka. Akakalishwa. Wakainuka wawili. Wakakalishwa. Waliokuwa nyuma wakawapanda mabegani walio mbele, wakavutwa mashati kwa meno, wakateremka, wakapanda tena. "Hebu tuone!" "Kaa!" "Kidogo tu!" "Kaa, bwana!" Na katikati ya makelele hayo mkono wa Sikudhani ulikuwa ukishika na kutoa, kushika na kutoa, mstari ukatembea kutoka kwenye paji, ukapita utosini, ukashuka. Yeye hakuinua macho. Alikuwa amesahau kuogopa. Alikuwa kwenye kigoda chake.

"Amefika wapi?" Mwenyekiti akauliza. Hakujibiwa, kwani wote walikuwa wameinama. "Mke wangu, amefika wapi?" Mkewe naye alikuwa ameshaondoka nyuma ya kiti na kujipenyeza mbele. Pua ya Mheshimiwa ilikuwa inawasha. Akavumilia. Kisha akasimama na kiti chake mikononi, kimemning'inia nyuma kama gamba la kobe, akaja akipiga watu vikumbo, akaingiza kichwa katikati ya vichwa.

Vichwa vilikuwa vingi mno pale, vyote vimeinama, na chini yake palikuwa na ubaridi mzuri. Mikono ya Mwenyekiti ikaingia kwenye ubaridi huo. Kiti kikaanguka kwa kishindo.

Hapakuwa na wingu. Kengele haikupigwa. Mheshimiwa Ng'ang'ana aliitazama mikono yake, mitupu, mchana kweupe. Akaiinua polepole, akajikuna pua mwenyewe. Alijikuna kwa muda mrefu, macho yamefumba, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

"Kimeruka," mkewe akasema.

"Kimeruka kweli," Baraza likaitikia.

Sikudhani alikuwa amefunga ncha ya mstari wa mwisho. Fumbata akapapasa kichwa, upande huu na upande ule, akapiga kigelegele.

Sasa palibaki hukumu. Kama kulikuwa na kivuli, basi Baraza zima ndilo lililokitia, na Baraza lisingeweza kujibandua lenyewe. Kama hakukuwa na kivuli, basi waliokuwa wanafanya ni nini? Mwenye kitabu na mwenye fimbo wakatazamana, na kwa mara ya kwanza hawakuwa na la kubishania. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti kilichoanguka, lakini hakukishika mikono. Aliiweka yake mapajani.

"Hapakuwa na kivuli," akasema. "Watu walikuwa wanachungulia. Na kuchungulia si kivuli. Iandikwe hivyo. Mgeni amekaza."

Tangu siku hiyo, kwa taarifa za wanaopita dirisha la mpaka, Wakazana wamekuwa watu wa kuchungulia sana. Aliyechoka na jembe humwita jirani, "Njoo uchungulie kidogo hapa," na jirani huja akainamia mkono wake, akaulizia habari za watoto, na jembe likaruka. Wachumba wanachunguliwa na shangazi zao mchana. Watoto wamepata tusi jipya. Kivuli bado ni marufuku, na hakuna anayekitetea.

Sikudhani aliaga alfajiri. Fumbata, ambaye alikuwa ameamka na sufuria, alilia ndani ya sufuria. Bi. Kumbatia alimsindikiza hadi mpakani bila kushika chochote, jambo lililomfanya bawabu aangalie pembeni.

Penye dirisha Sikudhani alitaka kusema mengi. Alikuwa ameyapanga njiani. Badala yake akanyoosha tu mkono wa kulia, na Bi. Kumbatia akaupokea kwa wake. Jua likapanda. Tepe mbili zikajikunja kwa pamoja, na mikono ikafungana.

Wakasimama hivyo.

"Kwenu kuna miti yenye matawi?" Bi. Kumbatia akauliza.

"Ipo, mama. Na kigoda changu kiko chini ya dirisha. Wanawake wakipita nje, kivuli chao huingia ndani."

"Wanapita kusalimia tu?"

"Ndiyo."

"Basi waache wapite. Watakusaidia kusuka."

Bawabu akakohoa na kitasa chake mkononi. Alisema yeye anaweza kuchungulia, kama itahitajika, shingo yake bado nzuri. Bi. Kumbatia akamwambia atulize shingo yake.

Kisha akainama yeye mwenyewe. Akashusha kichwa chake kizito, kitambaa na vyote, juu ya ile mikono miwili, polepole, kama mtu aliyedondosha pini mahali hapo.

"Hebu nichungulie," akasema.

Kivuli kikawafunika. Vidole vyao vikafunguka vyote, kimoja kimoja, na hakuna aliyevuta mkono wake. Bi. Kumbatia akaendelea kuchungulia.